Ubao Umeshasema

Kwa miaka kumi na tisa nimepiga msasa magitaa ya watu. Nimeyapiga msasa, nimeyapaka vanishi, nimeyafuta vumbi kwa kitambaa laini kama mama anayemfuta mtoto uso kabla ya kumpeleka kwa wageni, kisha wenyewe wamekuja wakayabeba. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Msasa. Wapo wanaosema jina hilo limetokana na ulimi wangu, kwamba nikimgusa mtu lazima nimkwaruze. Hao nao hawajakosea sana.

Mwenye karakana ni Fundi, baba wa mke wangu. Nilianza kwake nikiwa kibarua wa kufagia maranda. Mwaka wa nne nikamwoa binti yake, na tangu hapo namwita baba, naye ananiita mwanangu, na kati yetu kuna ile heshima ya mtu na mkwewe ambayo ni nzuri sana mpaka siku utakapokuwa na neno la kumwambia.

Nyumbani nina gitaa, nisije nikasema sina. Ni la plaiwudi, la kiwandani, shingo imepinda mpaka nyuzi zimesimama juu kama kamba ya kuanikia nguo. Ukizibonyeza unakunja uso. Sauti yake ni ya debe. Watu wanadhani kutaka gitaa zuri ni majivuno, sawa na kutaka saa ya dhahabu. Hawajawahi kulipakata. Gitaa lililotengenezwa vizuri, kabla hata hujagusa uzi, linakukaa mwilini kama lilipimwa kwako. Ni jepesi kuliko ulivyotegemea. Ukikohoa, nalo linaguna kifuani pako. Ukigusa uzi mmoja taratibu, sauti inatoka na kubaki pale, inakungoja uamue unataka kusema nini baadaye. Gitaa baya unapigana nalo mpaka unachoka, unalirudisha nyuma ya kabati na kujiambia huna kipaji. Zuri linakufanya ujue zaidi ya unavyojua. Mimi kila nilipomaliza kulifunga gitaa nyuzi nililijaribu robo saa, kwa kisingizio cha kazi, halafu mwenyewe akabisha hodi. Hesabu mwenyewe ni furaha ya namna gani hiyo, ya robo saa robo saa, kwa miaka kumi na tisa.

Basi mwaka huu Fundi alipanda ngazi yeye mwenyewe, na miaka yake sabini na miwili, akateremsha kutoka darini mbao mbili zilizoviringishwa kwenye gunia. Zilikuwa za msonobari, za shina moja, mistari yake imenyooka na kukaribiana kama nywele zilizochanwa. Alikuwa amezianika huko juu kwa miaka ishirini na miwili. Nilizijua. Kila mteja mkubwa aliziomba na kila mteja mkubwa alinyimwa.

"Zilibaki hizi tu," akasema. "Gitaa la mbao hizi ni lako, mwanangu. Nimekutumia vya kutosha."

Nilijifanya vumbi limeniingia machoni. Katika karakana, kisingizio hicho hakiishi kamwe.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana balaa lote limo humo. Uso wa gitaa, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, unaoungwa kwa mbao mbili, ndio gitaa. Vingine vyote kazi yake ni kuushikilia. Ukiwa mnene, sauti inafia ndani. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, utalia vizuri sana siku chache, kisha nyuzi zitauvuta, utavimba, utapinda, na mwisho utapasuka. Kati ya huku na huku pana nafasi isiyozidi unene wa ukucha. Mafundi wengine hupima kwa chombo. Fundi hupima kwa sikio. Huushika ubao ukingoni kwa vidole viwili, huuinua karibu na sikio la kulia, huugonga kwa kifundo cha kidole, husikiliza. Kisha huulaza mezani na kuukwangua kidogo kwa bamba la chuma, huuinua, huugonga tena. "Bado haujasema," husema. Na siku ukisema, hutamka, "Umeshasema," huuweka chini na haugusi tena. Hukumu hiyo ilikuwa yake peke yake. Hata mimi, ambaye miaka yote hiyo nilikuwa nimeanza kuusikia ubao unaposema, nilinyamaza mpaka yeye atamke.

Ubao wangu ulisema siku ya Jumanne. Nilikuwa upande wa pili wa meza nikikoroga gundi. Fundi akaugonga, na ukatoka mlio wa kengele ndogo, na chini yake mlio mwingine mzito, yote miwili ikakaa hewani hata nikahesabu mpaka sita. Niliacha mwiko kwenye gundi nikaanza kutabasamu peke yangu.

"Bado haujasema," akasema Fundi, akachukua bamba lake.

Nikajiambia, wewe Msasa ni nani? Mzee anasikia usichokisikia. Jumatano akagonga, ukasema tena, wazi kabisa, naye akaendelea kukwangua. Mchana simu yake ikaita ndani ya koti lililotundikwa nyuma yake. Ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena. Hakugeuka. Hapo ndipo nilipoanza kukumbuka mambo: birika linalopiga filimbi mpaka maji yanakauka, wateja ambao siku hizi, kwa maneno yake, wanaongea kama wana chakula mdomoni, na jinsi kazi ya kupatanisha nyuzi alivyoniachia mimi yote tangu mwaka juzi akisema nizoee. Nikachukua patasi nzito, nikasimama nyuma yake, nikaiangusha kwenye sakafu ya saruji. Paka aliyelala dirishani aliruka juu. Fundi aliendelea kukwangua.

Nilikaa chini kwenye gogo. Mzee hasikii. Ataukwangua ule ubao mpaka ausikie, na hatausikia kamwe.

Alhamisi nilisimama mbele yake ili aone midomo yangu. "Baba, naona umeshasema."

"Nani kasema?"

"Ubao, baba."

Akacheka, akanipiga begani. "Wewe una haraka na gitaa lako. Mwenye njaa husikia chungu kikichemka hata moto haujawashwa."

Kweli nilikuwa na haraka. Lingekuwa gitaa la mtu mwingine, labda angeniamini. Mwenye tamaa hakubaliwi kuwa shahidi, na mimi tamaa ilikuwa imeandikwa usoni.

Ijumaa nililificha lile bamba mfukoni. Alilitafuta juu ya meza, akalitafuta chini, kisha bila neno akaifunga chupa tupu ndani ya kitambaa, akaivunja kwa nyundo, akachagua kipande chenye ukingo mkali. Kioo kinakula mbao kuliko chuma. Mpigo wa kwanza tu ulitoa randa refu, jembamba, linalopepea. Nilichomoa bamba haraka haraka: "Nimeliona, baba, lilikuwa chini ya maranda." Akanishukuru. Mungu wangu, akanishukuru.

Jumamosi alipouinua ubao dirishani, niliona kivuli cha vidole vyake upande wa pili. Nikaacha kazi, nikakimbia nyumbani. Mke wangu alikuwa anapiga pasi.

"Baba hasikii," nikamwambia, hata salamu sikutoa.

"Nani kakwambia? Baba ni mkimya tu."

"Nimeangusha patasi nyuma yake."

"Umeangusha patasi nyuma ya mzee wa miaka sabini na miwili? Ulitaka umuue kwa mshtuko?"

"Ndiyo nakwambia hakushtuka!"

Akasimamisha pasi. Akaikunjua kola ya shati, akaikunja tena, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu zamani kuliko mimi.

"Akishajua kwamba hasikii," akasema, "asubuhi ataamka aende wapi? Mama alipofariki, siku ya tatu alikuwa karakana. Hana pengine pa kuwa mtu."

"Na gitaa?"

"Ahaa. Gitaa." Akanitazama. "Sema ukweli, baba watoto. Unalilia masikio ya baba au unalilia gitaa?"

Nilikuwa navililia vyote viwili, lakini si kwa kiasi kimoja. Aliliona hilo usoni kwangu na akarudi kwenye pasi yake. "Mwambie wewe," akasema. "Lakini mwambie kwa heshima. Mkiwa wawili. Asubuhi, akiwa hajachoka."

Jumapili nzima nilitunga maneno. Nilikuwa na hotuba nzuri kabisa, yenye "baba" saba na "samahani" nne. Jumatatu nikafika mapema, na nani namkuta ameshaingia? Mwalimu wa kwaya, aliyefuata gitaa lake tulilolibadilishia shingo. Fundi alikuwa amechangamka. Alitaka kuonyesha mali yake. Akauchukua ubao wangu, akauinua, "Njoo usikie, mwalimu," akaugonga. Ile kengele ilikuwa imeanza kulegea. Bado ilikuwepo, ila pembeni yake palikuwa na kitu kinachopwaya, kama kifuniko cha sufuria kisichokaa sawasawa.

"Mtamu," akasema mwalimu, kwa adabu.

"Bado haujasema," akasema Fundi. Akaulaza, akaegemeza uzito wake kwenye bamba, akavuta mkwaruzo mmoja mrefu kutoka juu mpaka chini.

Hotuba yangu yote ikapotea. "Baba, acha!" nilipiga kelele. "Huna masikio! Baba, huna masikio!"

Nilimaanisha nilichosema, neno kwa neno. Lakini sote tunajua maneno hayo huambiwa nani. Huambiwa mtoto mkaidi kabla ya fimbo. Huambiwa mtu asiyeambilika. Kumwambia hivyo baba mkwe wako, mbele ya mgeni, tena kwa kelele, ni heri ungemzaba kibao. Na kwa kuwa nilikuwa nimemkabili na nimepaza sauti, alinisikia. Katika yote niliyomwambia wiki nzima, hilo ndilo alilolisikia.

"Mimi?" akauliza polepole. "Mimi ndiye sina masikio?"

Nikafungua mdomo nieleze. Mwalimu alikuwa anatukodolea macho. Ningesema mbele yake kwamba fundi aliyemtengenezea gitaa lake ni kiziwi? Fundi akavua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya jiriwa ya kubania mbao, akavaa koti, akatoka. Mwalimu akaondoka kinyumenyume akikumbatia gitaa lake.

Nikabaki na ubao. Nikaenda nao dirishani, nikaugonga. Ulikuwa umekonda lakini ulikuwa mzima. Ungeachwa pale pale ungevumilia nyuzi, na kwa uangalizi ungenizika. Sanduku la sauti lilikuwa tayari, shingo tayari, gundi naijua kuipika kuliko uji. Siku tatu nilikuwa peke yangu mle ndani na hakuna wa kunizuia kuubandika.

Sikuubandika. Na sababu yake si heshima, nisijipambe. Nikiubandika mimi, nikakata kauli mimi kwamba umeshasema, lingekuwa gitaa la Msasa. Nilitaka la Fundi. Nilitaka mkono wake uuweke chini ubao ule na kinywa chake kitamke. Nilitaka siku mtu akiniuliza, hilo gitaa zuri kalitengeneza nani, nimjibu bila kumeza mate. Huo ulikuwa ujinga wangu, na sitaupaka vanishi.

Alhamisi jioni nikaitwa kwenye kikao, nyumbani kwa Fundi. Alikuwepo dada yake mkubwa, shangazi wa mke wangu, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kuamrisha watoto watoke tumboni. Alikuwepo mke wangu. Alikuwepo kaka yake, shemeji yangu, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akitafuta sababu ya kumstaafisha mzee ili karakana igeuzwe duka la simu. Fundi alikaa kwenye kiti chake, mikono magotini.

"Mkwe," Shangazi akaanza, "tumesikia umemtukana baba yako."

"Sikumtukana, Shangazi."

"Hukumwambia hana masikio?"

"Nilimwambia."

"Mbele ya mgeni?"

"Mbele ya mgeni."

"Kumbe. Na ulimwambia hivyo kwa sababu gani? Alikukosea nini? Si ndiye anayekutengenezea gitaa?" Akanielekezea kidole. "Sikio la kufa halisikii dawa, mkwe, na hilo lako naona tuanze kulichimbia kaburi."

Wote wakacheka, hata mimi kidogo. Nikamtazama Fundi. Macho yake yalikuwa yakihama kutoka mdomo hadi mdomo, na kila mara yalifika baada ya mtu kuwa ameshaanza kusema. Akamtazama mwanawe, akaona meno, ndipo na yeye akacheka. Alicheka peke yake, wenzake wakiwa wamemaliza.

Nilihisi kama nimemchungulia mtu mzima bafuni.

"Haya, tueleze," akasema Shangazi. "Ulimaanisha nini?"

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Ningesema, "Nilimaanisha hasikii," na kesho yake ubao ungesalimika. Gitaa langu lingesalimika. Neno moja. Lakini shemeji alikuwa ameinama mbele, anangoja, na mke wangu alikuwa anachomoa uzi kwenye pindo la kitenge chake, anauchomoa tu, haniangalii. Ningemvua nguo mzee wa watu mbele ya wanawe. Nikamwazia asubuhi, amevaa koti, hana pa kwenda.

Nikapiga magoti. "Nimekosa. Ulimi uliteleza. Sikuwa na maana yoyote."

"Sema kwa sauti," akaamrisha Shangazi, "mzee akusikie."

Nikasema kwa sauti. Niliipaza kama mtu anayeuza maji sokoni. "Baba, nisamehe! Sikuwa na maana yoyote!"

Fundi akaninyooshea mkono, akaninyanyua. "Yamekwisha, mwanangu. Kujikwaa si kuanguka." Ikaletwa chai. Mke wangu akanibana vidole chini ya meza, mbano wa shukrani, na mimi nikatamani aniachie, maana nilijua nimefanya nini.

Ijumaa Fundi alirudi karakana akiwa na furaha ya mtu aliyeombwa radhi. Alipiga mluzi, mluzi usiofuata noti yoyote. Nikageuka ukutani nikajitafutia kazi: nilipiga msasa shingo moja mpaka ikang'aa, nikaendelea kuipiga. Nyuma yangu nasikia bamba, shsh, shsh, halafu kidole, ngo, ngo. Kila alipogonga, mlio ulizidi kupwaya. Jumamosi ile kengele ilikufa kabisa. Kilichobaki kilikuwa kishindo kipana, cha ngoma iliyoachwa mvuani. Nilisali, sikwambii uongo. Nilimwomba Mungu amwumize mkono kidogo tu, kisha nikaogopa sala yangu mwenyewe.

Jumatatu, saa nne asubuhi, Fundi alipiga ukelele. "Umeshasema!"

Niligeuka. Alikuwa ameushika ubao kwa vidole viwili, nao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba alipougonga ulitetemeka wote, kama jani, ukamtetemesha na vidole. Mtetemo ule ndio aliousikia. Uso wake uling'aa. Tangu nimjue sikuwahi kumwona hivyo.

"Umesikia, mwanangu? Umesikia unavyosema?"

"Nimesikia, baba."

"Hakuna ubao uliowahi kunisumbua namna hii. Lakini umesema!" Akauweka chini na hakuugusa tena.

Tukaubandika. Nikalipiga msasa kwa mkono wa mama anayenyonyesha, msasa laini kuliko yote, kisha vanishi, tabaka baada ya tabaka, wiki tatu. Gitaa likawa zuri. Lilikuwa zuri kiasi kwamba watu waliokuwa wanapita walisimama mlangoni. Rangi ya asali, mistari yake imenyooka, hakuna hata doa. Nililitundika ukutani likauke na nikawa nalipitia kwa upande, kama mtu mwenye mgonjwa chumba cha ndani.

Asubuhi ya kulifunga nyuzi Fundi alikuja na shati safi. Nikazifunga moja moja, polepole, nikizikaza nusu, nikisubiri, nikikaza tena. Nikapatanisha. Nikalipakata.

Lilinikaa. Lilikuwa jepesi mno, na lilinikaa kifuani kama lilivyotakiwa kunikaa miaka yote. Nikagusa uzi wa nne kwa kidole gumba, taratibu tu, na karakana nzima ikajaa. Patasi zilizotundikwa ukutani zikavuma. Nikapiga wimbo mdogo, wa watoto, ninaoupiga kila siku kwenye lile debe la nyumbani, na nikaona ajabu kwamba niliwahi kuuona ni wimbo mdogo. Nilikuwa nalia na sikujisumbua kutafuta vumbi la kusingizia. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Na huku napiga, natazama: nyuma ya daraja, pale nyuzi zinapoishia, uso ulikuwa umeanza kuinuka. Vanishi ilikuwa imekunja mstari mwembamba kama unywele.

Fundi alikuwa ananitazama vidole, anatikisa kichwa kwa mahadhi yasiyokuwa yangu. Kisha akainama ili aangalie kama shingo imenyooka. Akafumba jicho moja, na ili asiyumbe akaegemeza taya lake kwenye ukingo wa gitaa, nami sijaacha kupiga.

Akaganda.

"Piga tena," akasema.

Nikapiga. Alibana taya kwenye mbao, akafumba macho yote mawili. Alikuwa anasikia. Sauti ilikuwa inampitia kwenye mfupa, na ilikuwa inafika. Nilijua inafika kwa sababu kichwa chake kilianza kufuata wimbo, sawasawa, pigo kwa pigo. Chozi likamtoka likapita kwenye vanishi yangu. Halafu nikaona uso wake unabadilika. Masikio yalikuwa yamemfia, lakini ufundi haukuwa umemfia. Akainua mkono, akapapasa nyuma ya daraja kwa kidole gumba, akaukuta ule mwinuko.

Akanyanyuka. Alikaa kwenye gogo, mbele yangu, mahali anapoweza kuona midomo.

"Mwembamba," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Ubao ulisema Jumanne ile ya kwanza. Nilikuwa nakoroga gundi."

Akahesabu kwa vidole, wiki kwa wiki. "Siku ile ya mwalimu. Ubao ulikuwa bado unaponyeka?"

"Ulikuwa bado, baba."

"Na ukaniambia."

"Nilikuambia."

"Uliniambia sina masikio, na kweli sina." Alilisema kama mtu anayesoma anwani. "Halafu ukaja kupiga magoti mbele ya dada yangu, ukasema hukuwa na maana yoyote. Kwa nini?"

Nilitafuta jibu. Nilikuwa nalo kubwa na zuri, lenye wanawe ndani yake, na koti la asubuhi, na duka la simu. Likagoma kutoka. "Heshima, baba," nikasema.

"Heshima." Akautazama ule mwinuko kwa muda mrefu. "Ungenivunjia heshima, mwanangu, leo ungekuwa na gitaa."

Nje watu walikuwa wanapita kwenda kazini. Nikanyoosha mkono nilegeze nyuzi, uso upumzike, labda tuongeze siku mbili tatu. Fundi akaushika mkono wangu. Aliurudisha kwenye nyuzi, akasogeza gogo karibu, akainama, akaweka taya lake pale pale ukingoni na kufumba macho.

Nikapiga. Nilipiga polepole, nyimbo zote ninazozijua, huku naona ule mstari kwenye vanishi unarefuka. Kila nilipojaribu kuacha, alinigonga gotini niendelee.